Wajina kwenye Simu

Mama mkwe wangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kompyuta ya serikali ilisema amekufa, na kompyuta ya serikali ikishasema neno, wewe unayepumua ndiye unayedaiwa ushahidi.

Barua ilifika Alhamisi kwa ndege ya posta. Mimi ni dereva wa zahanati yetu hapa Yarrapinti, katikati ya jangwa la Australia, tena mfagiaji wake, tena msomaji wa barua za kijiji kizima, kazi ambayo haina mshahara wala likizo. Nikaifungua. Ilikuwa imeandikiwa "jamaa wa marehemu". Ilitupa pole ya mistari miwili, kisha ikasema kwamba kwa sababu ya kifo hicho, kiti namba tatu cha kusafishia damu, alichotengewa mgonjwa huyo katika zahanati ya Yarrapinti, atapewa mwingine. Mwenye pingamizi apige simu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na mgonjwa mwenyewe, kama yupo, atamke jina lake kamili kwa sauti yake.

Kama yupo! Nikatazama dirishani, nikageuza shingo upesi, maana marehemu alikuwa pale nje, amekaa mchangani, anafukuza mbwa kwa fimbo na kulalamika kwamba chai yake haina sukari.

Sikugeuza shingo kwa kuogopa maiti. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, wala hukai naye kivuli kimoja. Nimemwoa binti yake Lynette miaka ishirini na miwili, na mpaka leo ukiniuliza mama mkwe ana meno mangapi sitaweza kukujibu. Ila nyama namletea. Ndiyo heshima yetu: unatoa nyama, unatazama pembeni.

Na kile kiti nilikitaka kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kukitaka kitu chochote changu mwenyewe. Miaka mitatu mama mkwe alikuwa ameishi mjini, kilomita mia tano za vumbi kutoka hapa, kwa sababu mashine za kusafisha damu zilikuwa huko. Mara tatu kwa wiki, saa tano kila mara, sindano mkononi. Akitoka hapo analala kwenye hosteli ya wagonjwa, chumba kimoja na wenzake watatu, dirisha linatazama ukuta. Akimpigia Lynette simu hakuwa na swali ila moja: mvua imenyesha? Kile kilima chetu kimeota majani?

Figo zetu hapa zinakufa mapema kuliko betri za magari yetu. Wataalamu huja. Mmoja anasema ni sukari, wa pili anasema ni maji ya kisima, wa tatu anahesabu watu kumi na wanne kwenye nyumba yenye choo kimoja kibovu na kuandika kwenye daftari. Wakimaliza kuandika hupanda ndege. Choo bado kibovu. Baada ya miaka tisa ya barua na vikao ndipo tukaletewa mashine nne na viti vinne, na kiti namba tatu kilikuwa cha mama mkwe, kuanzia Jumatatu; ndege ile ile iliyoleta barua ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Kikipotea, ndege ya Jumamosi ingemrudisha mjini, na safari hii nilijua kwamba angerudi kwetu ndani ya sanduku.

Sasa kompyuta ilimuuaje? Hilo nalo lina kisa, tena si cha kuchekesha.

Wiki tatu kabla ya barua ile alifariki shemeji yangu, binti wa Mzee Clancy. Mzee Clancy ni kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, kwa hiyo Lynette humwita baba mkubwa, na binti yake alikuwa dada yake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Naye alikuwa mgonjwa wa figo, naye aliishi hosteli ile ile, na kwa miaka minne aliomba kiti cha nyumbani. Akafia mjini, asubuhi ya Jumanne, akisubiri basi la wagonjwa. Mzee Clancy alikuwa amempa binti huyo jina la mama mkwe, kwa mapenzi. Jina moja, na jina la ukoo moja. Kompyuta ikaona jina, ikatosheka, ikawazika wote wawili.

Na kwetu mtu akifa, jina lake hufa naye kwa muda. Halitamkwi, lisije likamvuta arudi, lisije likawakata waliobaki. Kila mwenye jina hilo huitwa Kunmanara, mpaka wafiwa watakaporidhika, na huenda ikachukua miaka. Kwa hiyo mama mkwe sasa ni Kunmanara. Kwa vifo tulivyokuwa navyo mwaka ule tulikuwa na Kunmanara saba; ukiita mmoja dukani wanageuka watano. Na jina lenyewe usiniulize. Ukiniuliza mara ya pili nitanyanyuka niende zangu.

Unaona basi mtego ulivyotegwa. Ili aishi nyumbani, mama mkwe alitakiwa atamke neno ambalo hakuna kinywa chochote Yarrapinti kingelitamka, tena mbele ya Mzee Clancy, ambaye msiba wake bado ulikuwa mbichi.

"Nitasema mimi," Lynette alijaribu usiku ule, yaani alijaribu kujipa moyo tu. Alifungua mdomo, akaufunga, akalia. Nikamwambia alale, kesho tutatafuta njia.

Ijumaa saa saba mchana tulikuwa kwenye tangi la maji. Simu hapa kwetu hushika mtandao mahali pamoja tu, kando ya tangi, juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu. Ukiisogeza hatua moja umepotea. Simu ikawekwa juu ya ndoo, spika ikafunguliwa. Upande wa mashariki wa tangi alikaa mama mkwe na Lynette. Upande wa magharibi nilikaa mimi, nimeuelekea ukuta wa bati, na mbwa wangu Sajini. Mzee Clancy alikaa mbali kidogo kwenye kivuli, anachonga mpini wa mkuki ambao hakuna aliyemwagiza. Hatukumwita. Alikuja mwenyewe, na hakuna mwenye ubavu wa kumfukuza.

Sajini ndiye mkalimani wangu. Kwa kuwa siruhusiwi kusema na mama mkwe, husema na mbwa, kwa sauti ya kutosha.

Mashine ikapokea. "Karibu. Tafadhali sema jina lako kamili baada ya mlio."

Mlio ukalia.

"Kunmanara," akasema mama mkwe, kwa adabu kabisa.

"Nimesikia: kuna mahari. Je, ni sahihi?"

Nikasikia mama mkwe akicheka upande wa pili, kicheko cha kifuani.

"Lynette, hii mashine inamjua mumeo. Mwambie mkia wa kangaruu alioniahidi Krismasi bado sijauona."

"Sajini," nikasema, "kuna watu wana kumbukumbu ndefu. Friji la duka liliharibika, wewe shahidi."

"Mbwa wake naye mwongo," akasema mama mkwe.

"Samahani, sijakuelewa," ikasema mashine. "Tafadhali subiri, utaunganishwa na mhudumu."

Ukaanza muziki. Wimbo mmoja wa kinanda, sekunde thelathini, ukimalizika unaanza upya. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kupiga simu ya serikali. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walipiga. Saa nane ikapita. Watoto walikuja wakaucheza wimbo ule, wakauchoka, wakaondoka. Betri ikashuka hadi theluthi. Lynette akaanza kuuimba bila kujijua, mama yake akamfinya. Saa tisa na robo muziki ukakatika.

"Habari za mchana, unaongea na..." ikasema sauti ya msichana, changamfu, na akajitaja.

Jina lile.

Jina lenyewe, zima, wazi, kutoka kwenye spika. Lynette akapiga ukelele mdogo. Mama mkwe akasema, "Aa-aa, aa-aa!" Mimi nikamshika Sajini shingoni kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Kisu cha Mzee Clancy kikasimama juu ya mpini.

"Halo? Mpo?"

Nikajikaza. "Tupo, dada. Samahani sana. Naomba usilitaje tena jina lako."

"Nisitaje jina langu?"

"Tafadhali."

"Ni utaratibu wetu kujitambulisha, kaka."

"Na sisi ni utaratibu wetu kutolisikia. Tuna msiba."

Nilidhani atakata. Badala yake akasema taratibu, "Poleni. Haya. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza habari ya barua. Akagonga vitufe vyake. Akasema kweli, mgonjwa ameandikwa amefariki, na kama hajafariki basi aje kwenye simu.

"Nipo," akasema mama mkwe.

"Shikamoo, bibi. Tarehe ya kuzaliwa?"

"Julai mosi."

Msichana akapumua. "Bibi, wewe ni wa kumi na mmoja leo kuniambia Julai mosi."

"Aliyekuwa akituandika kule kwenye ranchi alikuwa mvivu," akasema mama mkwe. "Alituandika wote siku moja. Farasi wa nchi hii wote wamezaliwa Agosti mosi, unajua? Sisi tunawazidi mwezi mzima. Watusalimie."

Msichana alicheka, akajizuia, akakohoa kama mtu wa ofisi. "Sawa. Jina la ukoo?"

Hilo halikuwa na shida, alilisema.

"Na jina lako la kwanza?"

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua. Nimekaa nalo miaka sabini."

"Basi sema, bibi, simu inarekodiwa."

"Amelichukua mwanangu," akasema mama mkwe. "Ameondoka nalo."

Sikumwona, lakini nilijua Mzee Clancy amesikia, maana kisu hakikuanza tena. Yule shemeji yangu alikuwa mtu wa kunitania mimi kuliko wote. Alikuwa akiniita Bwana Posta. Nikatazama bati.

"Bibi, naomba unisaidie nikusaidie," akasema msichana, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu, si ya ofisi. "Hapa kwenye fomu kuna kisanduku. Siwezi kusonga mbele mpaka uniambie jina lako."

"Nani alikupa wewe jina lako?" akauliza mama mkwe.

"Mimi? Nilirithi kwa bibi yangu."

"Wasichana wa siku hizi wamerudia majina ya zamani. Vizuri. Mimi nilipewa na mke wa bosi kwenye ranchi, nikiwa mtoto. Jina nililotoka nalo kwa mama yangu lilimshinda, akanipa la kwake. Sasa sikia. Jina langu ni lako."

"Langu?"

"Lako."

"Bibi, nimekuuliza lako, sio langu."

"Ndiyo nakwambia. Langu ni lako."

"Na lako?"

"Lako!"

"La kwangu nalijua!"

"Basi unalijua na langu!"

"Sajini," nikapaza sauti, "mwambie mtu amwambie huyo dada neno wajina!"

"Wajina!" Lynette akaruka. "Dada, mama yangu ni wajina wako! Wewe na yeye ni wajina!"

Vitufe vikagongwa. "Loo! Ni kweli. Hapa naona, jina lako ni..."

"USILITAJE!"

Tulipiga kelele sote kwa pamoja, hata mimi na Sajini, na kasuku weupe waliokuwa juu ya tangi wakaruka wote, wakaondoka wakitutukana.

"Samahani! Samahani!" Msichana alikuwa akihema. "Jamani, nimelisema nusu tu."

"Nusu haina neno," akasema mama mkwe.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Betri mstari mmoja mwekundu. Msichana akasema shida imebaki, kwa sababu kanuni inataka sauti ya mgonjwa ilitamke jina, na yeye ana msimamizi, na msimamizi husikiliza. Akaomba dakika. Muziki wa kinanda ukarudi na Lynette akauita jina ambalo sitalitaja, ingawa hilo ni kwa sababu nyingine. Nilihesabu misumari ya tangi. Nilifika mia moja na sita.

"Nimerudi. Bibi, nisikilize vizuri. Mwanzoni mwa simu hii nilijitambulisha, ndiyo?"

"Ulitutia presha, ndiyo."

"Jina lako la kwanza ni sawasawa na lile nililojitambulisha nalo?"

"Sawasawa."

"Na wewe uliyesema hivyo ndiye mgonjwa, na uko hai?"

"Nina njaa. Maiti hana njaa."

"Basi jina limo kwenye rekodi, na sauti yako imelithibitisha. Msimamizi amekubali kwamba hiyo inatosha." Vitufe, vitufe, kisha kimoja kizito. "Nimefuta kifo. Kiti namba tatu ni chako, bibi. Jumatatu."

Lynette akamkumbatia mama yake, na mimi, nikiwa sina wa kumkumbatia upande wangu, nikamkumbatia Sajini mpaka akanilalamikia. Nililia kidogo. Siyo siri, watoto waliniona, wakanisimanga wiki nzima.

Hapo ndipo Mzee Clancy aliponyanyuka. Alikuja polepole na fimbo yake mpaka kwenye ndoo. Mtoto wake ametajwa mbele yake na mgeni. Angeweza kuivunja ile simu kwa fimbo, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mwulizeni amekula," akasema.

"Nani, baba mkubwa?" akauliza Lynette.

"Binti yangu. Huyo wa kwenye simu."

Hakuna aliyecheka. Mwenye jina la mwanao ni mwanao, hilo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua. Sisi tulikuwa tumesahau kwa sababu ya pilikapilika.

"Dada," akasema Lynette, "baba anauliza kama umekula."

"Baba? Mimi? Nimekula... mkate na yai."

"Mkate na yai!" Mzee Clancy alitikisa kichwa. "Ndiyo maana sauti nyembamba. Mwambieni siku akipita huku kuna nyama."

"Ahsante, mzee," ikasema sauti, ndogo sasa. "Nashukuru sana. Ee... mwishoni natakiwa nijitaje tena. Ni kanuni. Sasa niseme mmehudumiwa na nani?"

"Kunmanara," akasema Mzee Clancy.

"Mmehudumiwa na Kunmanara. Muwe na jioni njema." Na betri ikaisha.

Jumatatu mama mkwe akakaa kwenye kiti namba tatu. Niliambiwa, kwa kuwa mimi sikuwa na ruhusa ya kuwemo chumbani. Nilifagia veranda tu, mara nne. Niliambiwa alilalamika kwamba televisheni ina watu wanaopika na hawali, kwamba muuguzi ana mikono baridi, na kwamba kutoka pale alipokaa anakiona kile kilima na bado hakijaota majani. Nikaenda dukani nikanunua mkia wa kangaruu mkubwa kuliko yote iliyokuwa kwenye friji, nikamtuma Lynette.

Jibu lilirudi kupitia kwa Sajini. "Mwambie mbwa," mama mkwe alisema kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "bosi wake si mbaya sana."

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo. Baada ya wiki mbili ndege ya posta ikaleta barua nyingine, safari hii kwa anwani ya Mzee Clancy. Nilipoiona bahasha nilimtafuta, nikamkuta anachonga, nikakaa mbele yake. Nikaisoma kimya kwanza. Nikaisoma tena.

"Soma kwa sauti, kijana. Sikuja duniani kutazama paji la uso wako."

Ilikuwa imeandikwa kwa binti yake. Waliandika jina lake lote, kwa wino mweusi. Nikasoma: "Mpendwa Kunmanara. Tunafurahi kukujulisha kwamba ombi lako la kuhudumiwa nyumbani limekubaliwa. Umetengewa kiti namba nne katika zahanati ya Yarrapinti."

Walipofuta kifo cha mama mkwe walifuta vifo vyote viwili. Binti wa Mzee Clancy alikuwa hai tena mjini, kwenye karatasi, na alikuwa anakaribishwa nyumbani.

Mzee alifuta vumbi kwenye ule mkuki kwa kiganja, juu mpaka chini.

"Miaka minne," akasema mwishowe. "Aliomba miaka minne. Kumbe kiti kilikuwa kinasubiri afe kwanza."

Nikaikunja ile barua kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapokusimulia, kwa hiyo nivumilie.

Nikaenda kwa muuguzi. Akasema kiti namba nne hawezi kukigusa, kompyuta inasema kina mwenyewe, na kitamngoja siku tisini. Na mjini, kwenye hosteli ile ile, alikuwapo Rex, mtu wa kijiji jirani, mchezaji wetu wa zamani wa mpira, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Siku tisini kwa mtu wa figo si mchezo. Kukiachia kiti kuna njia moja: jamaa wa karibu wa mgonjwa apige simu, atamke jina la mgonjwa.

Nilimwambia Mzee Clancy habari hiyo kwa kuzunguka sana. Nikagusia wajina, nikagusia yule msichana, kwamba labda tungepata bahati akapokea yeye.

"Bahati hiyo ilikuja mara moja, ikaondoka," akasema. "Rex alifunga magoli sita fainali ile. Nipelekeni kwenye ndoo."

Tukampeleka. Lynette akapiga namba, akaweka simu juu ya ndoo. Akafungua spika, mzee akamwambia aifunge, akaichukua simu mkononi na kuibana sikioni.

"Sasa nendeni."

Tukaenda. Mama mkwe na Lynette upande ule, mimi upande huu, hadi kwenye gari bovu lililolala karibu na uzio, mita themanini hivi. Watoto tuliwasukuma mbele yetu. Sajini tu ndiye aliyebaki miguuni pa mzee. Anajua mengi, lakini hana ulimi.

Tuliona midomo yake ikitikisika mara moja, kidogo. Akangoja. Akaisogeza simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha. Midomo ikatikisika tena. Akangoja tena. Nilijua mashine inamwambia nini, maana niliijua kwa moyo: samahani, sijakuelewa.

Basi Mzee Clancy akaweka mkono mmoja kiunoni, akavuta pumzi, akainua kidevu, akaliita. Aliliita vile alivyokuwa akiliita jioni zote za miaka ile, binti akiwa bado mdogo anacheza huko vichakani na chakula kikiwa tayari, akilivuta mwishoni lifike mbali. Likapita juu ya tangi, likapita juu ya mabati ya nyumba, likatufikia kwenye gari bovu, likaenda zake kule kilimani.

Mama mkwe, Lynette aliniambia baadaye, aliinamisha kichwa. Kisha Lynette alizunguka gari akanishika mkono.

Mzee aliirudisha simu juu ya ndoo, akaja polepole na fimbo yake, Sajini nyuma. Alipotufikia alitutazama mmoja mmoja, mimi na mama mkwe kila mtu kwenye upande wake wa gari.

"Imekubali," akasema. "Rex atakuja na ndege ya Jumamosi. Ile mashine ni kiziwi kweli." Kisha akauliza, "Mmesikia kitu huku?"

"Hatujasikia kitu, baba mkubwa," akasema Lynette.

"Wala mbwa hajasikia," nikasema.

"Vizuri," akasema Mzee Clancy, akaomba chai.